Kinyongo Changu Kilichopotea Hijani

Kwa Mama Mwenyekiti,
Kamati ya Hija ya Parokia.

Yah: Mzigo uliopotea safarini

Ndugu Mama Mwenyekiti,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu imeshapungua uvimbe, na ule mwavuli mwekundu uliotuongozea njia kwa siku nane umepata mapumziko unayostahili. Mimi sijambo, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Unanijua. Ni mtunza kanisa, mwaka wa ishirini na saba sasa. Nafungua, nafagia, napiga kengele, nawasha mishumaa, nazima mishumaa, nafunga. Sijawahi kukuandikia lalamiko lolote, hata mwaka ule kamati yako ilipofanyia mkutano kanisani ikaacha maganda ya karanga chini ya mabenchi manne ya mbele. Nilifagia nikanyamaza. Lakini hili la safari limenifika kooni.

Parokia ilinipa zawadi ya kwenda kuhiji pamoja na wenzangu ishirini na mmoja. Nilishukuru mbele ya watu, na hadi leo nashukuru. Niliondoka na mabegi mawili, nimerudi na mabegi mawili. Kilichopotea ni kinyongo changu, cha miaka tisa, kilichokuwa katika hali nzuri kabisa. Nilikwenda nacho na nimerudi bila. Naomba kamati ikitafute.

Ili kisichanganywe na vya watu wengine, naeleza alama zake. Ni kile nilichomwekea yule dereva wa lori aliyekaa kiti cha ishirini na mbili, ambaye pia, kwa bahati ambayo sikuiomba, ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Parokia nzima inakifahamu. Kaka alichelewa maziko ya mama. Misa ilikuwa saa tisa alasiri. Alipiga simu akiwa njiani, akasema tairi limepasuka, tumngoje. Nilimngoja dakika ishirini, kisha nikapiga kengele, maana kanuni ni kanuni na mwenye kengele ni mimi. Alifika saa kumi na moja, mama ameshazikwa na kanisa limeshafungwa. Tangu siku hiyo hatujasemezana. Huo ndio mzigo. Sasa malalamiko, moja baada ya jingine.

1. Kuhusu mto. Miaka yote nimekuwa nikiwaonyesha watoto wa mafundisho upana wa mto ule aliobatiziwa Bwana kwa kunyoosha mikono yote miwili, na bado nawaambia haijatosha. Nilipofika nikaona mto ambao mbuzi mwenye haraka zake anauruka. Nilimwuliza mwongozaji kama huo ndio mto au ni mfereji wa kwenda mtoni. Akasema ndio wenyewe. Wenzangu wakaingia kwa vigelegele, na yule mwalimu mstaafu wa hesabu akalia kwa furaha mpaka miwani ikamdondokea majini. Hapo hapo dereva akaingia na suruali yake, maji hadi kiunoni, akaitafuta miwani kwa nyayo za miguu, akaiibua. Watu wote wakampigia makofi. Nami nikaona mikono yangu imeshaanza. Niliikunja haraka. Lakini kamati ielewe kwamba kinyongo kilianza kulegea mahali hapo, siku ya pili tu ya safari, mbele ya viongozi, na hakuna aliyechukua hatua yoyote.

2. Kuhusu chumba. Mlitupanga vyumbani kwa kufuata majina ya ukoo. Sijui ni nani aliyebuni utaratibu huo, lakini hakufikiria watu wenye ndugu. Tulipewa chumba chenye vitanda viwili, kabati lisilofunga na soketi moja ya umeme. Siku tatu za mwanzo tuliishi kwa heshima zote za watu wasiosemezana. Nikitaka dirisha lifungwe nauambia ukuta, kuna baridi humu. Ukuta unafunga dirisha. Asubuhi ukuta unasema chai iko tayari huko chini, nami naushukuru ukuta. Ulikuwa mpango mzuri na ungetufikisha nyumbani salama. Siku ya nne nikaamka nikakuta simu yangu imejaa chaji, ya kwake iko kitandani imezima. Soketi ni moja, Mama Mwenyekiti! Mtu alichomoa ya kwake akachomeka yangu. Nilikaa kitandani nusu saa nzima nikitafuta ubaya uliofichwa ndani ya jambo hilo. Nilitafuta kwa juhudi, nikakosa, na saa ya basi kuondoka ikanikuta bado natafuta. Wewe mwenyewe ulinifokea mbele ya watu kwamba leo hata mpiga kengele anachelewa. Baadaye nikasikia kwamba aliyesimama mlangoni mwa basi, mguu mmoja ndani mmoja nje ili lisiondoke, alikuwa ni dereva wa lori. Alisimama hivyo dakika ishirini na tano. Mimi siku ya maziko nilimpa ishirini.

3. Kuhusu kaburi la Bwana. Hapa naomba uniwie radhi, maana najua ndiyo sehemu uliyoipenda. Tulipanga foleni kwa muda wa saa mbili na nusu. Nilikanyagwa na mataifa yasiyopungua sita. Kila anayetoka anafuta machozi huku anatabasamu, kwa hiyo nikajiandaa kuona jambo. Zamu yangu ikafika, nikainama, nikaingia, nikaangalia huku na huku. Jiwe na hewa, basi. Pale mlangoni alikuwapo sista mmoja aliyejua lugha yetu kidogo, nikamwuliza kwa adabu mwenyewe yuko wapi. Akaniambia, "Hayupo." Tena akaniambia kwa furaha!

Mama Mwenyekiti, neno hilo nimelisikia katika ofisi zote za mji huu. Nimefuatilia hati ya kiwanja, hayupo. Nimefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, hayupo, njoo wiki ijayo. Sijawahi kuona watu waliotoka mbali kiasi hicho wakaambiwa hayupo, nao wakatoka wanaimba. Nami niliimba, sikatai. Na nyuma yangu mtu akaishika sauti ya pili, ileile tuliyokuwa tukiimba jikoni kwa mama tukimenya viazi. Sikugeuka. Ila mtu unaweza kumpa kisogo, sauti yake huiwezi. Nilivumilia hivyo mpaka ubeti wa mwisho.

4. Kuhusu mishumaa. Najua habari hii umeisikia nusu. Naomba sasa uipate nzima, kwa kuwa ndipo upotevu ulipotokea.

Ilikuwa siku ya sita, katika kikanisa kidogo kilicho ubavuni mwa lile kanisa kubwa. Wenzangu walitoka kuufuata mwavuli wako. Mimi nikabaki wa mwisho, maana kazi yangu ndiyo hiyo, kuwa wa mwisho. Nikaona sinia kubwa la mchanga, mishumaa myembamba kama arobaini imechomekwa inawaka, mtu hakuna, na pazia liko hatua moja tu kutoka kwenye moto. Miaka ishirini na saba! Sikufikiri. Nililowesha vidole kwa mate, nikaanza na safu ya nyuma ili mkono wa shati usishike moto, nikaizima yote. Kisha nikaing'oa, nikaipanga ndani ya kofia yangu kwa urefu, nikatoa ufunguo wa nyumbani nikaanza kukwangua nta iliyogandia ukingoni mwa sinia. Ilikuwa nta ya siku nyingi, haijawahi kupata mtu wa kuijali. Nadhani nilikuwa napiga mluzi.

Akatokea mtawa mwenye ndevu za kufika tumboni. Lugha yake siijui, ila nilielewa kila neno, kwa sababu ni lugha hiyohiyo ninayowasemesha maharusi wanaobandika maua kwa gundi kwenye nguzo zangu. Kumbe kila mshumaa pale ni sala ya mtu. Watu wametoka mwisho wa dunia, wamewasha, wameondoka wakijua inaendelea kuwaka, na mimi nimewazimia kwa mate. Kabla sijafungua mdomo, dereva, aliyekuwa amerudi kunitafuta, alikuwa ameshasimama kati yangu na zile ndevu, anajipiga kifua. "Mimi," anasema. "Ni mimi." Unajua madereva wa malori wamezoea kufokewa na watu wenye sare. Alisimama vizuri, kofia mkononi, macho chini, akapokea yote mpaka mtawa akaishiwa pumzi, akampa mshumaa mmoja unaowaka, akamwonyesha sinia kwa kidole, akaenda zake.

Basi yeye akapiga magoti, anawasha na kuchomeka. Mimi namkabidhi kutoka kwenye kofia, mmoja mmoja, mirefu kwanza. Hatukusemezana. Ukabaki wa mwisho, mfupi kuliko yote, maana ulikuwa umewaka tangu asubuhi na mapema. Aliushika asiuwashe. Akasema huo ni wake, aliuwasha kabla hatujanywa chai, ni wa mama, kwa kuwa siku ile hakupata mahali pa kuuwasha. Halafu akaniangalia. "Mdogo wangu," akasema, "umenizimia tena." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakamtikisika, nami nikacheka, Mungu anisamehe, wazee wawili wenye wajukuu tumepiga magoti mbele ya sinia la mchanga tunacheka kama watoto waliovunja chungu.

Hapo ikabidi niseme jambo ambalo halimo katika zile alama za mzigo nilizokuandikia juu. Siku ya mama, kaka alipofika saa kumi na moja akagonga mlango wa kanisa, mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nafagia. Nilimsikia akigonga. Nilimsikia akiniita kwa lile jina la utotoni. Nikaendelea kufagia mpaka akaondoka. Sijawahi kumwambia mtu, si mke wangu, si Baba Paroko kwenye kitubio, ambako miaka yote hii nimekuwa nikiungama ulafi ili kujaza nafasi. Nilimwambia kaka pale, mishumaa ikiwaka. Akasema anajua.

"Nilisikia ufagio," akasema.

Miaka tisa alikuwa anajua, Mama Mwenyekiti, na hakumwambia mtu. Ameacha parokia nzima imwite mchelewaji. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo kwa wino. Akanipa ule mshumaa wa mama, nikauwasha mimi, akauchomeka yeye. Tulipotoka nje nilijipapasa kila mahali nikitafuta kinyongo, hakipo.

5. Kuhusu madhara. Usidhani kupoteza kinyongo cha miaka tisa ni kama kupoteza kitana. Kanisa letu lina mabenchi kumi na manne kila upande, na kila benchi lilikuwa na sentensi yake niliyokuwa nikimtungia kaka wakati nafagia. Benchi la tatu kulia ndipo nilipokuwa namwuliza kama tairi lina thamani kuliko mama. Sasa nafika hapo sina la kusema, nasukuma ufagio tu. Saa mbili asubuhi kazi imekwisha na sijui nifanye nini na siku yangu.

Nilikuwa nikizungukia barabara ya sokoni ili nisipite kwa kaka. Ilikuwa mazoezi mazuri, daktari alinisifu. Sasa napita mlangoni kwake, na shemeji hakubali mtu apite bila kukaa, wala akae bila kula. Mkanda wangu umehama matundu mawili. Mke wangu naye analalamika kwamba siku hizi hajui niko katika hali gani, maana zamani alikuwa ananielewa kwa jinsi ninavyofunga mlango.

Na shangazi! Shangazi alikuwa upande wangu tangu mwanzo. Miaka tisa hajamwitikia kaka salamu, kwa ajili yangu. Alipotuona tumekaa benchi moja Jumapili, aliniita pembeni akaniuliza kwa nini sikumpa taarifa mapema, na nani atamrudishia salamu zake alizozizuia. Sasa haniitikii mimi. Kwa hiyo mmepoteza kinyongo kimoja na kuzalisha kingine, tena hiki kipya ni cha shangazi, na vya shangazi vinadumu.

Juzi nilipiga kengele ya jioni nikiwa nimechelewa dakika tatu. Kaka alikuwa kwenye ngazi za mnara ananisimulia kisa cha ng'ombe aliyelala barabarani, na nilitaka kwanza nijue kama aliamka.

6. Kuhusu fomu. Kabla ya safari tulitia sahihi fomu ya kamati, nami ninayo hapa mezani. Kifungu cha nne kinasema kamati haitawajibika kwa upotevu wa mabegi, simu, miwani na meno ya bandia. Nimekisoma mbele na nyuma, hata kwa kukielekeza dirishani. Kinyongo hakikutajwa. Kwa hiyo kamati inawajibika, na nadai yafuatayo. Kwanza, kitafutwe, hasa kuzunguka lile sinia, na kirudishwe kikiwa kizima. Pili, kuanzia sasa pawe na tangazo kwenye mlango wa ofisi ya parokia, kwa herufi kubwa, kwamba wanaokwenda hija waache vinyongo vyao kwa majirani wanaowaamini.

Tatu, ikiwa hayo hayawezekani, hija zote zisimamishwe. Silisemi hili kwa chuki, nalisema kwa kuipenda parokia. Kama kinyongo cha mtu mwangalifu kama mimi kimeweza kupotea mchana kweupe, vya wengine vitapona? Fikiria kwaya. Sauti ya kwanza na sauti ya tatu hawajaangaliana tangu sare zile za kijani, na ndiyo sababu kila upande unaimba kwa nguvu vile. Fikiria halmashauri ya walei. Tukiwapeleka wote kule wakarudi mikono mitupu, mkutano unaochukua saa nne utakwisha kwa nusu saa, kila mtu anakubaliana na kila mtu, na hakuna atakayejua ajenda inayofuata ni ipi. Parokia yetu imesimama imara miaka mingi, na wewe unajua imeshikiliwa na nini.

Nangoja majibu ya kamati ndani ya siku kumi na nne. Nisalimie mumeo, na mwambie bawaba za mlango wa pembeni alizozipaka mafuta sasa zinafunguka kimya. Msalimie mwalimu wa hesabu pamoja na miwani yake. Wasalimie wahujaji wote, kiti cha kwanza hadi cha ishirini na moja. Shangazi akija kwako kunisema, msikilize tu, ila usimwongezee.

Ni mimi katika kufungua na kufunga,

Mtunza Kanisa
(mwenye funguo zote, isipokuwa wa kabati la divai)

Nyongeza: Nilikuwa naifunga bahasha, kaka akaingia hapa sakristia, akaichukua barua bila kuomba ruhusa, kama kawaida yake, akaisoma yote akiwa amesimama. Ana masahihisho mawili. La kwanza, mishumaa haikuwa arobaini, ilikuwa sitini na mmoja. Aliihesabu wakati anawasha, kwa kuwa kwa kila mmoja alimwombea mwenyewe asiyemjua. La pili linahusu madai yangu yote. Anasema kama ni haki, kinyongo kile kilikuwa chake, kwani aliyefungiwa mlango ni yeye. Yaani nimebeba mzigo wa mtu miaka tisa, na sasa nauandikia barua ya madai. Nimemwuliza kama basi anataka arudishiwe yeye. Anasema hana pa kuuweka, lori limejaa. Kwa hiyo mkikipata, msihangaike.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Saa kumi na moja jioni ya leo tuna mshumaa wa kuwasha pale mbele kanisani, mahali jeneza la mama lilipolazwa, kwa hiyo usimweke sana kwa maongezi. Lakini wewe nakujua, na matairi ya lori lile nayajua. Akichelewa, mwambie asikimbize gari. Mlango utakuwa wazi, na sitashika ufagio mpaka aingie.